Maman Apolline na mfungwa wa "Ni kweli"

"Maman Apolline, weye iko na nani mule mu buloko?"

Jirani yake Adélaïde alimtupia swali hilo mbele ya watu, kwenye bomba la maji, siku ambayo foleni ya bidoni ilikuwa imefika hadi barabarani. Kwenda gerezani kila juma ni kazi ya mama aliye na mtoto ndani, au ya mke aliye na bwana. Apolline hakuwa na yeyote. Mume wake alikuwa amezikwa tangu miaka tisa. Binti zake wawili wameolewa, mmoja Sange, mwingine Goma, na katika ukoo wao hakuna hata mmoja aliyewahi kulala amigo, mahabusu ya polisi, kwa usiku mmoja.

Apolline aliangalia bidoni yake ikijaa, akaikaza kifuniko, ndipo akajibu. "Niko na batu mia tatu, Maman Adélaïde. Unitajie jina moja, nitakuambia kama bado anakohoa."

Wanawake wakacheka, na Adélaïde akacheka pamoja nao, maana ni mtu wa moyo mzuri ingawa kinywa chake hakina mlango. Lakini swali lile lilibaki. Apolline mwenyewe alilibeba mpaka nyumbani. Alijua tu kwamba shirika lao la parokia lilipewa siku ya Alhamisi kupikia wafungwa, na kwamba tangu apewe sufuria hiyo hajakosa Alhamisi hata moja, mvua inyeshe au barabara ifungwe.

Alizaliwa Nyantende. Shule aliacha darasa la tano la primeri, mama yake alipohitaji mtu wa kukaa na Polycarpe wakati yeye yuko shambani. Polycarpe ni mdogo wake, kitinda mimba. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Ukimshika bega anaruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Sokoni hawezi kuingia kwa sababu ya kelele. Watu wa kijiji walimwita bubu, kisha siku moja wakamsikia akitaja majina ya vilima vyote kuanzia Nyantende mpaka ziwa, bila kuruka kimoja, wakaacha kumwita bubu, wakaanza kumwogopa.

Mama yao hakumwogopa. Hakumpeleka kwa waganga. Alikuwa akisimama mbele ya mtoto wake, anampa kitu kidogo mkononi, kijiko au kiazi, anasema neno lake mara moja, kisha ananyamaza. Apolline, aliyekuwa mtoto naye, alikuwa akichoka kusimama pale. "Mama, hajibu." Na mama anasema: "Mungojee. Iko anakuja." Na kweli alikuja kila mara, kwa njia yake mwenyewe, baada ya muda wa Salamu Maria moja iliyosomwa bila haraka. Ndivyo Apolline alivyojifunza kuupima ule muda, na hajapata saa nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa Polycarpe ana miaka hamsini na anaishi naye mjini, mtaa wa Kadutu, katika nyumba ya mbao iliyo juu ya soko, mahali ambapo njia imechongwa ngazi kwenye udongo. Kila Jumatano yeye ndiye anayechagua maharagi ya gereza. Anakaa na lungo magotini tangu asubuhi, punje kwa punje, na mawe anayoyatoa anayapanga kwenye mkeka kwa mstari mmoja. Mle gerezani walikuwa wakisema kwamba maharagi ya siku nyingine yanavunja meno, lakini Alhamisi hata kibogoyo anakula bila woga. Apolline alipoambiwa hivyo mara ya kwanza alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Basi, Alhamisi moja ya msimu wa mvua, Adélaïde alikuja pamoja naye. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi na alitaka kusali na wafungwa. Alileta mama wanne na ngoma ndogo.

Uani, karibu na tangi la maji, alikuwa amechutama mwanaume ambaye Apolline hakuwahi kumwona kwenye foleni ya chakula, wa miaka kama thelathini, mrefu, mwembamba, mikono juu ya masikio. Apolline alimwekea chakula chake, mahindi na maharagi. Yule mtu hakumtazama. Aliishusha mikono polepole, akatoa punje za mahindi moja moja, akazipanga kwenye ukingo wa sahani, zote ncha zikiangalia upande mmoja. Apolline akasimama na upawa hewani. Alikuwa akiuona mkeka wa nyumbani kwake.

"Anaitwa nani huyu?" aliuliza.

"Akonkwa," mfungwa mmoja akamjibu. "Lakini sisi tunamwita Ni Kweli. Umuulize kitu yoyote, atakuitikia, Ni kweli. Ndivyo alijifunga mwenyewe kwa polisi."

Kabla Apolline hajauliza zaidi, Adélaïde alikuwa amemwona. "Yesu wangu! Huyu iko na pepo!" Wakamzunguka, ngoma ikalia, wakaimba, wakapiga makofi, wakamwekea mikono kichwani, mikono kumi kwa pamoja. Akonkwa akapiga ukelele ambao Apolline anausikia mpaka leo. Akajiuma kifundo cha mkono. Akasukuma mbele yake bila kuangalia, na Adélaïde akaanguka kitako ndani ya beseni la maharagi.

Wafungwa walicheka mpaka wengine wakalala chini. Lakini wasaidizi wa kapita, mkubwa wa wafungwa, hawakucheka. Walimkokota Akonkwa mpaka kashoti, kile chumba cha adhabu kisicho na dirisha.

"Mumeona?" Adélaïde alisema huku akijipangusa nyuma. "Pepo imejionyesha."

Na Apolline alinyamaza. Alikuwa anajua, lakini Adélaïde ni kiongozi, amesoma mpaka sekondari, na yeye ni nani. Alimaliza kugawa chakula, akaosha sufuria, akapanda ngazi za Kadutu. Nyumbani akamkuta Polycarpe mkekani. Akasimama mbele yake, akampa kijiko.

"Leo nimeona mutu kama weye. Nikanyamaza."

Akangoja. Polycarpe aliangalia kijiko pande zote mbili. "Mawe kumi na moja," akasema. Hiyo ilikuwa hesabu ya mawe ya jana, na alikuwa ameyahifadhi yote.

Kesho yake, Ijumaa, Apolline alikuwa mlangoni pa gereza kabla ya jua kuwa kali. Mlinzi akashangaa. "Maman, leo si siku yenu."

"Najua, mwana wangu. Leo sikuleta sufuria. Nimeleta mudomo."

Aliomba kumwona kapita. Kapita ni mfungwa anayechaguliwa kuwaongoza wenzake, na wakati ule alikuwa Amuri, Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara wa Uvira, mtu wa sauti ndogo na kofia safi. Alimpa Apolline kiti chake mwenyewe.

"Maman, miye sina chuki na ule mutu," alisema. "Lakini asubuhi na mangaribi banapiga filimbi, kila mutu anaitwa, anaitika. Yeye haitike. Hesabu inakosa, na pavilion yote, nyumba yetu nzima, inafungiwa, hakuna jua. Mara ine sasa! Benzake banamupiga, nami nitasema nini? Iko na kiburi."

"Haiko kiburi, Papa Amuri. Ile filimbi inamuuma mu masikio vile pilipili inauma mu jicho. Akishafunga masikio, atasikia jina yake na nini?"

Amuri akainama kumsikiliza vizuri.

"Jaribu hivi. Filimbi ipigwe mbali na yeye. Simama mbele yake, usimushike. Umupatie sahani yake mu mikono. Sema jina mara moja tu. Kisha ungojee."

"Ningojee wakati gani?"

"Salamu Maria moja."

"Maman! Miye ni Muislamu."

"Basi soma Alhamdu yenu. Lakini usikimbize."

Amuri akacheka hadi kofia ikasogea. Lakini siku ile ile alimtoa Akonkwa kashoti, na jioni akasimama mbele yake na sahani ya bati, akalitaja jina, akasoma Alhamdu yake moyoni kama anavyosoma mtu aliye na nafasi. Alipofika mwisho, Akonkwa aliinua sahani juu. Hesabu ikatimia. Asubuhi hivyo hivyo. Jumapili pavilion yote ilikuwa juani, na yule aliyekuwa akimpiga zaidi alimtengea nafasi ukutani.

Alhamisi iliyofuata Apolline alifurahi kuona hayo, lakini Amuri alimwambia jambo lililomwondolea usingizi. Baada ya majuma mawili mahakama ingekuja kuketi uani, na Akonkwa alikuwa kwenye orodha. Wizi wa pikipiki. Polisi walimuuliza, "Ni kweli uliiba?" akasema, "Ni kweli," wakaandika, wakapiga muhuri. Kwa karatasi ile angekatiwa miaka. Na angeulizwa tena swali lile lile, naye angetoa jibu lile lile.

Alipotoka, alimwona mama mmoja ameketi chini kwenye ukuta wa mlango, na kikapu kimefunikwa kitenge. Alikuwa amepita mbele ya mama huyo Alhamisi nyingi. Safari hii alichuchumaa.

"Maman, iko na nani ndani?"

"Mutoto wangu, Akonkwa."

Anaitwa Maman Faida. Tangu mtoto wake akamatwe alikuwa amekuja siku arobaini na moja, akipokelewa chakula na kuambiwa arudi kesho. "Na hawajakuuliza kitu juu yake?" Apolline akauliza. "Baliniuliza kama nimetia chumvi," Maman Faida akasema.

Pale chini ukutani ndipo habari yote ilipotoka. Akonkwa tangu utoto anapenda gurudumu. Kila siku alikwenda kwenye kituo cha pikipiki juu ya soko, pikipiki ikizimwa na kusimamishwa anachutama, analizungusha gurudumu kwa kidole, anaangalia nyaya zikipita. Wenye pikipiki walimzoea. Siku ile pikipiki moja iliibiwa. Jioni mwenye hiyo pikipiki alikuja na kundi la watu wenye hasira, wakamkuta Akonkwa ameketi palepale ilipokuwa. Hakukimbia, wala hakueleza. "Ni weye? Ni kweli?" "Ni kweli."

Apolline alikwenda kituoni kwa miguu yake. Wale wenye pikipiki waliona haya. "Maman, ule ni mulinzi wetu wa magurudumu," mmoja akasema, "lakini siku ile tuliogopa batu." Wawili wakakubali kuja.

Siku ya mahakama, meza iliwekwa chini ya turubai, na mvua ilikuwa ikitishia upande wa ziwa. Apolline alivaa kitenge cha Pasaka. Adélaïde alikuwepo pia. Alikuwa amesikia habari ya sahani, akaja bila ngoma, akaketi nyuma kabisa.

Mwamuzi, juge kama wanavyomwita kule, alikuwa mzee mwenye miwani, na alikuwa na faili kumi na saba za siku ile. Alisoma karatasi ya polisi, akainua macho. "Akonkwa. Ni kweli uliiba hii moto, hii pikipiki?"

"Ni kweli."

Karani akaanza kuandika. Mwanasheria aliyepewa Akonkwa bure akaomba mama mmoja wa parokia asikilizwe, akiomba kama mtu asiye na tumaini kubwa. Mwamuzi aliangalia saa. "Kwa ufupi, Maman."

Apolline alisimama na kukaza kitenge. Alimwomba Bikira Maria amshike, akasema: "Papa juge, miye nilisoma mwaka wa tano tu. Sina maneno ya sheria. Naomba mumuulize kitu ingine. Mumuulize kama ni yeye ndiye juge."

Watu wakanong'ona. Mwamuzi alimgeukia mshtakiwa. "Akonkwa. Ni kweli weye ndiye juge wa hapa?"

"Ni kweli."

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. "Mupatie kiti yake!" mtu akapiga kelele kutoka pavilion. Mwamuzi hakucheka. Alivua miwani. "Ni kweli miye ndiye niliiba moto?"

"Ni kweli."

Kalamu ya karani ikasimama.

"Sasa, Papa juge," Apolline akasema, "kama munakubali, niache nimuulize kwa ile njia ya mama yangu. Na munivumilie Salamu Maria moja."

Hakuna aliyemkataza. Apolline akaenda mbele ya Akonkwa, bila kumgusa, akampa mkononi gurudumu dogo la toroli lililokuwa kwenye ghala la gereza, ambalo Amuri alilitafuta yeye mwenyewe. Akasema mara moja: "Akonkwa, uniambie ile moto ilienda wapi." Akanyamaza.

Jamani, ule ukimya! Ua wenye watu zaidi ya mia tatu, na hata aliyekuwa na kikohozi alikizuia. Apolline anasema aliona midomo ikisali mpaka kwa walinzi. Amuri alikuwa na yake, Adélaïde kule nyuma na yake. Gurudumu likazunguka kwenye kidole cha Akonkwa, likazunguka, likazunguka. Walipofika kwenye "saa ya kufa kwetu", mwisho wa sala, yeye akafungua kinywa.

"Kofia nyekundu alipeleka. Waya moja ilikuwa imevunjika, ya kumi na ine. Minaingojea irudie."

Mmoja wa wale wenye pikipiki akaruka. "Papa juge, ni kweli! Ile moto ilikuwa na rayon moja imevunjika! Nani alimuambia?" Na mwenye pikipiki iliyoibiwa, aliyekuja kudai haki yake, akainamisha kichwa akasema hata yeye mwenyewe hakujua kama ni ya kumi na nne, lakini ilikuwa imevunjika kweli, na mtu wa kofia nyekundu alikuwa ameiosha asubuhi ile.

Mwamuzi hakukata neno siku hiyo. Alimsikiliza Maman Faida mpaka mwisho, akaagiza mtaalamu amwone Akonkwa, akafunga faili polepole tofauti na alivyofunga zile nyingine. Akaja Sista Rosalie, mtawa aliyesomea mambo ya akili na tabia za watu. Alikaa na Akonkwa siku tatu, akaandika karatasi. Na yeye ndiye aliyempa Apolline neno: otisme, ile ambayo wengine huita usonji. Alimweleza kwamba mtu anazaliwa nayo, si pepo wala jeuri, na kwamba gerezani mtu wa namna hiyo anaweza kuadhibiwa kila siku kwa makosa ambayo hajui hata kama ni makosa. Apolline aliliandika neno lile nyuma ya kitabu chake cha nyimbo, na chini yake akaandika Polycarpe. Miaka hamsini, ndiyo kwanza linapatikana jina.

Akonkwa aliachiliwa siku ya Jumanne. Apolline alikuwa akifua, mtu akaja kumwambia, akashuka hadi gerezani na povu mikononi. Maman Faida hakumkumbatia mwanawe. Alisimama mbele yake, akampa kijiti cha muwa, akangoja. Akonkwa akakitazama, kisha akatangulia kupanda njia ya kwao, na mama yake nyuma akicheka na kulia.

Tangu hapo yamepita mengi. Amuri, kabla ya kumaliza kifungo chake, alikuwa amewatambua wengine watatu. Mmoja wao ni mwanamke wa upande wa Mwenga aliyekuwa akilala chini ya kitanda, ambaye wote walimhesabu kichaa. Walinzi wenyewe wanasema sasa, "Mupatie Salamu Maria yake," hata wale wa makanisa mengine. Adélaïde alimwendea Apolline kwenye bomba lile lile, foleni ikisikia, akasema: "Miye niliweka mikono mahali haikuombwa. Unisamehe." Na siku hizi ndiye anayebeba sufuria ya pili. Akonkwa huja Jumatano, hachagui maharagi kwa sababu hapendi kuyagusa, lakini toroli linalobeba sufuria halijatoboka wala kulia tangu alishike yeye. Yeye na Polycarpe hukaa uani pa Apolline bila kusemezana nusu siku nzima, na Apolline akiwapitia na makaa yake anajiona kama mama mwenye karamu.

Mwaka huu wakubwa wa gereza walimwita ofisini. Walikuwa na wageni. Walimsifu, wakasema wanataka kuandika jina lake ukutani mlangoni, au wampe cheti chenye muhuri, achague mwenyewe. Wakamuuliza anaomba nini. Apolline alifungua leso, akajifuta uso, akachukua muda wake, nao wakangoja.

"Jina yangu muliache. Miye naomba kitu moja. Mutu akiletwa hapa, mbele ya kumuandika mu kitabu, mutoke inje kwa mulango, mumuulize mama yake: mutoto wako anaongeaka namna gani? Kisha mumungojee."